Keni Iliyofukizwa

Natalia wa kijiji cha Mogitu alifunua keni ya maziwa, akanusa, na damu ikamchemka kabla maziwa hayajaonja moto. Yalinuka moshi! Na ndiyo maziwa ya jibini, oda yake ya kwanza ya hoteli.

“Nani kagusa keni yangu?”

“Salamu je?” aliuliza mama mkwe.

“Shikamoo mama. Nani kagusa?”

“Marahaba. Mimi. Niliifukiza kwa kaa la moto kabla ya kukamua, kama tunavyofukiza kibuyu cha maziwa. Wewe uliiosha kwa sabuni, na maziwa yanayonuka sabuni ni aibu.”

“Mama, hoteli inataka jibini, si nyama choma!”

“Basi wakale sabuni.”

Mlangoni, mumewe Sylvester aliangua kicheko. Natalia akamsukumia keni nzima.

“Unacheka? Kaa hapo unywe. Jibini langu limekufa, na huondoki mpaka nione keni tupu.”