Damu Isiyo na Walii

Kidude kilichobana kidole cha Aysoltan kiliwaka taa nyekundu, kikaonyesha tisini na nane.

"Hewa imemjaa tele," daktari akasema. "Na mashavu yake si unayaona? Huyu amechoka tu."

Mashavu yalikuwa mekundu kweli, na hilo ndilo lililomtisha Ogulbibi. Mwanawe huyu wa miaka kumi na minne alikuwa amepauka tangu baridi ianze. Alimwita kwa jina. Macho yakafunguka nusu, yakamtazama kama mgeni.

Alfajiri hiyo wasichana wanne walikuwa wakifuma zulia nyumbani kwa Haji Berdi. Madirisha ya chumba kile yamepigiliwa mbao, maana Haji hataki wapita njia wawaone mabinti wa watu, na kwa heshima hiyo anasifiwa mji mzima wa Andkhoy. Katikati huwekwa karai la makaa ya mawe. Watatu walitoka nje kutapika. Aysoltan alibaki amalizie mstari, akaangukia nyuzi.

Muuguzi Maral alimvuta Ogulbibi pembeni. Kidude kile hakiaminiki, alimwambia. Moshi wa makaa hukaa ndani ya damu kwenye kiti cha hewa, nacho kidude humhesabu mwizi kuwa mwenye nyumba. Mashine ya damu ndiyo isiyodanganyika. Ikishasema, mtungi wa oksijeni utafunguliwa. Ila damu ya msichana haipimwi bila sahihi ya walii wake, mwanamume anayemsimamia.

"Mimi ndiye niliyemzaa," Ogulbibi alimwambia daktari.

"Sijakataa, mama. Nimesema mwanamume."

Baba yake Aysoltan alikwenda Irani kuvunja mawe, na huu ulikuwa msimu wa pili wa baridi bila salamu. Siku ya kuondoka alimkabidhi binti kwa Haji Berdi mbele ya wazee. Haji aliitwa, akaja upesi, tusimsingizie. Akashika kalamu. Akasoma fomu mpaka palipoandikwa: moshi wa makaa, mahali pa kazi. Akaomba mstari ule ufutwe. Daktari akasema ukifutwa hakuna cha kupima.

"Dada yangu," Haji akasema taratibu, "nikitia jina langu hapa, nani atanipa tena binti yake? Na wale wadogo zake watakula kwa nani?"

Ogulbibi akashika pindo la joho lake. "Haji, nakuangukia miguuni. Anakufa."

"Usinivunjie heshima mbele za watu."

Akairudisha kalamu mezani.

Maral alitoa damu hivyo hivyo, kwa kuiba, akaifunga kwenye kichupa. Lakini mashine haikubali damu bila namba, na namba haitolewi bila sahihi. Kabla ya adhuhuri Aysoltan alikata roho. Cheti cha kifo kiliandikwa: moyo. Hicho Haji alikitia sahihi bila kukisoma.

Maral alimpa mama kichupa. Kikikaa baridini kimefungwa, alisema, moshi hautoki. Hata baada ya wiki nyingi damu itasema. Kesho yake Ogulbibi alikipeleka dirishani kwa karani wa maabara. Karani alikuwa mpole. Baba akirudi, alisema, njooni naye.

Akakifukia kwenye theluji nyuma ya ukuta. Sasa Nowruzi, sikukuu ya mwaka mpya baridi inapokwisha, imekaribia na jua limekuwa kali. Kila asubuhi Ogulbibi hupita nyua za majirani na beseni lake, akikwangua theluji chafu iliyobaki vivulini.