Salamu Kutoka Maskati

Kompyuta yetu ni moja, lakini ndani yake mna kompyuta tatu. Wenye kazi yao huziita mashine pepe. Sisi nyumbani twaziita vyumba, kwa sababu Mama hakubali kwamba mtu anaweza kukaa mahali pasipo na kuta. Chumba cha kwanza ni cha kazi. Humo naitumikia kampuni ya ng'ambo ambayo bosi wake namjua uso na mabega tu. Cha pili ni cha majaribio, na humo naharibu nipendavyo. Cha tatu ni cha Mama. Nabonyeza vitufe viwili, natoka huku naingia kule, bila hata kuinuka kitini.

Chumba cha Mama kilikuwa kompyuta kamili zamani, ile ya sebuleni aliyokuwa akizungumzia na Baba. Ilipoanza kukorofisha, nilihamisha kila kilichokuwamo nikakiweka ndani ya yangu, pamoja na picha ya Baba amesimama mbele ya duka Maskati, amekunja uso kwa jua. Baba alifanya kazi huko tangu mimi ni mdogo, na huko ndiko alikofia akazikwa. Wakati huo akili ya Mama ilikuwa imeshaanza kumtoka. Tulimpa habari, akalia, akavaa nguo za eda. Kulipokucha akauliza nani amemvua bangili zake. Tukamwambia tena, naye akalia kilio cha mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, maana kwake ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka nikakataa. Dada yangu Ruweida alisema mume ana haki ya kuliliwa na mkewe. Nikamjibu kwamba haki hiyo Baba ameshaipata, na ziada juu.

Ndipo nilipokikatia mtandao chumba cha Mama na kuisimamisha saa yake. Mashine hizi waweza kuzitia alama, na siku yoyote ukiziamuru, zinarudi pale pale kwenye alama. Yaliyotendwa baadaye yote hutoweka. Niliutafuta ujumbe wa sauti wa Baba uliokuwa na furaha, nikauweka kama haujafunguliwa, nikatia alama hapo.

Basi kila siku baada ya alasiri namwita Mama apande juu kwangu. Bosi akiwa kwenye mkutano namwambia mtandao wa Mombasa unasumbua, nabonyeza vitufe viwili, na Baba anasema: "Assalaam alaykum, Shifa. Tikiti nishaipata. Naja mfungo ukisha, inshaallah. Niwekee achari ya ndimu, na usimpe mtu."

Mama hucheka, akauweka sawa ushungi wake, kisha akanifukuza ili ajibu. Akishuka, mimi hukirudisha chumba kwenye alama na majibu yake yakafutika. Sikuwahi kuyasikiliza. Yalikuwa maneno ya watu wawili, na mmoja alikuwa hai. Achari yenyewe ipo kweli, kwenye chupa dirishani. Mama huigeuza juani na hakuna aruhusiwaye kuionja.

Kisha bosi akaniita Nairobi kwa siku chache, na kazi hii ikamwangukia Ruweida. Yeye ameolewa Kizingo. Huja na gari, hulazimika kuliacha mbali kwa sababu vichochoro vyetu havimpishi, na hufika mlangoni ameshakasirika. Nilimwonyesha vitufe. Nilimwambia, na nikarudia, kwamba Mama akimaliza lazima arudishe alama.

Niliporudi nilimkuta Mama amelala ameelekea ukutani, chakula chake hakijaguswa. Ruweida alikuwa ngazini, macho yamemvimba.

"Nilimsikia akimjibu," aliniambia. "Alimwita Baba jina ambalo hajapata kulitamka mbele yetu. Fahmi, ningeifuta vipi sauti ya Mama?"

Hakuifuta. Kesho yake Mama alipokaa, aliikuta sauti yake mwenyewe chini ya salamu za Baba, na chini yake hakuna kitu. Akadhani Baba ameshughulika, akamtumia nyingine. Kesho yake zikawa mbili zisizo jibu, akaongeza ya tatu, ya kumsihi. Alizisikiliza zote kwa mpangilio, sauti yake ikizidi kunywea, mpaka akafikia uamuzi ambao mwanamke yeyote wa mtaa wetu mwenye mume ughaibuni angeufikia: Baba ameoa Maskati. Ruweida hakustahimili kumsikia marehemu akisingiziwa. Alimwambia ukweli, kwamba Baba alikufa zamani.

Mama alimtazama. "Huyo mke wake ndiye aliyewafunza mniambie hivyo?"

Nilitaka kumgombeza dada yangu na sikuweza. Ningekuwa mimi niliyelisikia jina hilo, sijui ningefanya nini. Aliniomba angalau zile sauti nisizitupe, nikazihamishia chumba cha majaribio, kisha nikairudisha alama. Skrini ikawa safi, salamu za Baba zikisubiri kufunguliwa. Nikajipa moyo kwamba Mama husahau kila kitu, na hili pia atalisahau.

Na kweli alilisahau. Asubuhi alikunywa chai yake, akamuulizia Ruweida na watoto, akalalamikia kelele za tuk-tuk. Hakukumbuka kulia wala kusubiri. Baada ya alasiri nikamwita.

"Mama, njoo. Baba ameleta salamu."

Alifika nusu ya ngazi akasimama, akashika ukuta. "Sitaki kuzungumza naye."

"Kwani amekufanyia nini?"

Nilimwona akitafuta, na nilimwona akikosa. "Sijui, mwanangu. Lakini nina uchungu naye."

Akageuka akashuka. Nilimwita siku iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara aliishia ngazi ile ile, kwa jibu lile lile, akishangaa mwenyewe. Nimejaribu ujumbe mwingine wa Baba, nimejaribu picha. Nikilitaja tu jina la Baba, uso wa Mama unajifunga.

Jana aliitoa chupa dirishani, akampa Mapenzi, mama anayetufulia nguo, aende nayo kwake Likoni. Mapenzi alinitazama kama anayeomba ruhusa. Mama akamwambia achukue tu, hakuna anayeingoja.

Nilipanda juu. Bosi alikuwa akiniita kwenye chumba cha kazi, nikamwacha aite. Niliingia chumba cha Mama, nikaufungua ujumbe peke yangu, nikamsikiliza Baba mpaka mwisho, mpaka pale anaposema usimpe mtu. Kutoka chini nilimsikia Mama akimuaga Mapenzi, na akimkumbusha achari isimwagike njiani.