Njia Iliyokunjwa

Jerotich alimaliza chai na kiazi kitamu kwenye kibaraza cha duka sokoni Navakholo, akakaza kamba za viatu, akavaa begi lake mgongoni. Alikuwa ametoka kwao Likuyani kwa miguu, na alikusudia kufika Khayega kwa miguu. Tyson, kijana wa bodaboda, alimtazama kwa huruma.

"Dada, nauli imekuishia wapi?"

"Nauli ninayo. Natembea tu."

"Mtu hatembeangi tu. Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Ungesema tu umekwama. Ningekubeba bure mpaka Kakamega."

Wenzake wakacheka. Jerotich naye akacheka, akashika barabara ya vumbi ya murram.

Mbele kidogo, pale miwa inapoanza, alimkuta mwanamke mjamzito ameketi juu ya njia. Ilikuwa njia ya miguu, imekunjwa kama mkeka kando ya seng'enge. Mwanamke alisema anaitwa Nekesa. Akaeleza kwamba Mheshimiwa mmoja alizungushia seng'enge ardhi ya watu wote, akalima, akapanda miwa. Njia ilipokosa pa kulala ilijikunja, ikaja kukaa hapo. Zamani ilikwenda moja kwa moja hadi zahanati, ng'ambo ya shamba. Siku hizi watu walizunguka kwa barabara.

"Kifungua mimba wangu nilimzaa nikizunguka, kwenye majani makavu ya miwa," Nekesa alisema. "Ndiyo maana anaitwa Nangila, wa njiani. Tulipona kwa bahati. Huyu nataka azaliwe kitandani, na uchungu umeanza tangu asubuhi."

"Mbona hamjaitandika upya?"

"Imetukataa. Sisi tunatumwa na maji, kuni, ugonjwa. Inataka mtu anayetembea kwa kupenda."

Jerotich aliinua njia. Ilikuwa na uzito wa blanketi lililoloa na harufu ya vumbi lililonyeshewa. Chini palikuwa na miwa, kwa hiyo aliitandika juu ya miwa. Ilipanda yenyewe polepole, ikavuka seng'enge, ikalala juu ya majani. Alikunjua, akakanyaga, akakunjua tena. Miwa ilibonyea kidogo kama kitanda cha kamba, kisha ikashika. Nekesa alimfuata akiwa ameshikilia begi lililokuwa mgongoni mwa Jerotich, akisimama kila uchungu ulipombana. Alipoguna, Jerotich alimngoja bila kugeuka, kwa sababu njia nayo ilikuwa ikingoja.

Katikati ya shamba walimkuta Shikanga, askari wa Mheshimiwa, amesimama chini yao na rungu lake.

"Mama, haturuhusu watu kupita shambani."

"Hatujapita shambani," Jerotich alisema. "Tuko juu yake."

Shikanga alifikiri. "Basi msiangushe kitu kwenye miwa ya watu."

Tyson aliwaona akiwa barabarani, akazunguka na pikipiki ili awasaidie. Alipofika zahanati, mtoto alikuwa ameshalia.

"Leo nimeshindwa na viatu," alisema, akakaa kwenye benchi kupumua.

Mtoto alikuwa msichana, amezaliwa kitandani, juu ya shuka. Nesi aliuliza jina.

"Ngoja kwanza," Nekesa alijibu huku akitabasamu. "Huyu nina nafasi ya kumchagulia."

Alasiri Mheshimiwa alikuja na gari lake. Alitazama juu, akawaona wanawake wakipita na mitungi ya maji, na mzee mmoja akisukuma baiskeli. Alimwamuru Shikanga aongeze mstari mwingine wa seng'enge, akatazama mpaka msumari wa mwisho ulipoingia, akaondoka. Ardhi ilibaki kuwa yake.

Jerotich alikuwa amepiga goti pale njia inapoteremka, akikaza kamba za viatu. Jua lilimtosha kufika Kakamega. Njia haikumfuata. Ilikuwa imelala kama mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi, na katikati yake alikuja Jael, mama mkwe wa Nekesa, amembeba Nangila mkono mmoja na sufuria mkono wa pili.

"Shikamoo, mama," Jerotich alisema.

"Marahaba. Ngoja ule kwanza, mwanangu. Nimechinja kuku, ingokho wa mgeni."

Alitembea taratibu juu ya miwa ya Mheshimiwa, Nangila ameshikilia kifuniko kwa viganja viwili, na supu haikudondoka hata tone.