Mchawi wa Karatasi Hana Jina

…basi aandike lolote, Sufuria, Kijiko, lolote, mradi wamwache, Rehani aliwaza, ncha ya penseli imeganda juu ya kimstari kile kitupu, maana kwingine kote kwenye karatasi alikwisha kujaza kwa dakika tano, aina binadamu, kazi mchawi, uhai pointi sita, akili kumi na saba, silaha fimbo, hapo kwenye jina ndipo amekaa robo saa kama mwanafunzi aliyekuja kwenye mtihani na kalamu tu, barazani kwa Emmanuel, Kilakala, Jumamosi saa tisa mchana, mlima umejifunika wingu mpaka mabegani, dadu zimelala mezani kati ya karanga na vikombe vya chai, na watu watatu wanamngoja. Emmanuel ndiye mwenye mchezo, mhadhiri, yeye anasimulia hiyo dunia ya mapango na majoka na wenzake wanacheza watu wa ndani yake, alimpata Rehani siku ile alipomwita kutengeneza friji, friji ikapona kwa nusu saa na fundi akabaki mpaka magharibi akiuliza maswali, kwa sababu Rehani ndivyo alivyojifunza kila kitu maishani, friji zenyewe hakufundishwa na mtu, alizifungua akaziuliza. Wiki iliyopita mpiganaji wake aliliwa na joka. Chuma, ndivyo alivyoitwa, jina alilompa huku anatafuna karanga, akafa bila kulalamika. "Fundi, hatuandiki wosia hapa," Stella alisema, Stella mwalimu wa fizikia, mwenye haraka zake, simu mkononi, "mimi ninayo orodha ya majina, sikiliza, Valdorimu. Ezerioni. Mirathandu." "Hilo la mwisho ni dawa ya kikohozi," alisema Abdulatif, muuza viungo wa sokoni, "kijiko kimoja kutwa mara tatu." Wakacheka, na Rehani akacheka nao kidogo, ili asionekane amenuna, maana wanamjua kwa hasira, wanasema ukimgusa fundi anawaka kama gesi, na yeye hakatai, hasira anayo, lakini hadanganyi, kifaa kikiwa kimekufa anakwambia kimekufa, hana maneno ya kuzungusha, hilo hata adui yake atalikubali. "Shida ni kwamba mchawi si mpiganaji," Emmanuel alikuwa akisema, sauti ile ya darasani, taratibu, "mchawi binadamu hana upanga, hana misuli, ana jina. Jina lake watu waliogope kabla hawajamwona," na Rehani akatikisa kichwa kwamba amesikia, na alichosikia ni Kobelo.

Kobelo, marehemu mjomba wake, kaka yake mama, ambaye jina lake ndilo analoitiwa kulirithi kesho kijijini Matombo. Mama mdogo Maimuna amepiga simu asubuhi, kabla hata hajavaa viatu, "Kesho saa nne, mwanangu, ukoo wote umefika, mchele upo, ubani upo, umebaki wewe," kana kwamba yeye ni kitoweo. Mtoto wa dada ndiye anayerithi jina, hakuna mwingine, milimani ndivyo ilivyo, unakalishwa mkekani, unafunikwa kitambaa cheupe, wanaliita mara tatu, ukiitika limekukaa, na tangu hapo Mama mdogo aliyekubeba mgongoni atakuita kaka, na watoto wa marehemu, wenye mvi kukuzidi, watakuamkia shikamoo baba, nawe uitike marahaba bila kucheka. Hataki. Hajawaambia kwa nini hataki, amesema ana kazi nyingi, friji nyingi, na hayo ni kweli, friji ni nyingi. Na hapo, penseli ikiwa bado hewani, ndipo lilipomjia wazo, sijui lilitoka wapi, jepesi kabisa, kwamba jina la marehemu halikai kwa watu wawili, wazee wenyewe husema hivyo, likishaitikiwa limepata mtu wake… basi aliandike hapa. Emmanuel aite Kobelo, yeye aitike, mashahidi wawili wapo, na kesho apige simu aseme jina limeshatolewa, limetolewa Kilakala, bila kusema uongo hata chembe. Pointi sita za uhai. Joka likikohoa tu mchawi amekwisha, na jina limekwenda naye, chini ya meza, pamoja na maganda ya karanga. "Anaandika, anaandika," Abdulatif alimnong'oneza Stella, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na kweli alikuwa anaandika, K, mguu wake umenyooka, mkono wake umepinda vizuri, na jicho likapanda juu kidogo kuona nafasi itatosha, likaikuta ile mistari mingine aliyoijaza kwa mkono wake mwenyewe, aina binadamu, kazi mchawi, jina K.

Mkono ukasimama. Kazi mchawi. Mwaka ule mvua ilikataa, migomba ilikunja majani, na watu walikuja uani kwa mjomba, hawakuja kwa fujo, walikuja kwa adabu, hilo ndilo lililotisha, wakasema kuna chungu kimefukiwa nyuma ya nyumba yako, na chungu kikifukiwa mvua hufungwa, kila mtu anajua. Mjomba akasema ni mbegu. Ni maharage ya mbegu na majivu, nimeyaficha wadudu wasiyaone, muulizeni huyu, jembe alishika yeye. Wakamgeukia Rehani, ana miaka ishirini na miwili, msema kweli anayejulikana kijiji kizima. "Ulimwona akifukia chungu?" "Nilimwona." Basi. Ndiyo kauli nzima. Ametembea nayo miaka kumi na tisa kama cheti, nilimwona, aliulizwa akajibu, hakuongeza wala hakupunguza, wangeuliza ndani mna nini angesema, hawakuuliza… hawakuuliza kwa sababu walikwisha kukichimbua na kukipasua kwa mchi, majivu yakaruka, na aliyeona majivu hakutazama chini tena. Yeye alitazama. Maharage yalikuwa miguuni pake, mekundu, moja limeingia kwenye kandambili, alilisikia kwa kisigino. "Au ni la kike?" Stella alikuwa akiuliza, "wachawi wa kike wana majina mazuri zaidi, mimi wa kwangu angekuwa na manukato," na Abdulatif akasema wa kwako angesahihisha madaftari ya maadui, na Rehani akasema, "Wa kiume," akashangaa sauti yake ilivyo ya kawaida, inayotosha kabisa kuagizia chai. Kwa nini hukusema ni maharage. Kwa sababu siku mbili kabla, mbele ya watu, mjomba alimnyima kipande cha shamba alichoomba kando ya mto, akasema kijana huyu anawaka upesi, ardhi inataka mtu wa kungoja, watu wakacheka. Ndiyo hivyo tu. Hakuna kingine, hata ukifungua ukatafuta waya mwingine hakuna. Hakunyamaza kwa woga wala kwa sababu hakuulizwa, alinyamaza kwa hasira, akautumia ukweli wake kama fimbo, akampiga nayo mzee, na mzee alimtazama mara moja tu, hakumlaani, akaingia ndani kufunga godoro. Akaishia Turiani, chumba cha kupanga, mtu wa baridi kwenye joto lile, vibarua vya mpunga, mpaka mwaka jana alipofia huko. Mvua ilinyesha siku ya kumi na moja baada ya kuondoka kwake, na watu wakasema, si mnaona.

Na sasa anamwandika tena. Kazi mchawi, jina Kobelo, kwa penseli, mbele ya mashahidi, na hii ndiyo njia aliyoiona haina uongo. "Vipi, fundi, tusogee?" Emmanuel aliuliza, bila haraka, dadu kiganjani. "Bado," alisema, akaigeuza penseli, akaisugua ile K kwa kifutio, polepole, karatasi isichanike, akapuliza vumbi, kimstari kikabaki kitupu kama kilivyokuwa, na Abdulatif akasema, "Haya, tumerudi mwanzo, chai iongezwe," na Stella akarudi kwenye orodha yake, Oberandi, Silivasi, na wao ni watu wema, hawana habari, wanataka tu mtu aingie pangoni kabla jua halijashuka. Atakwenda. Kabla kitambaa hakijakunjuliwa atasimama, aseme jembe nilishika mimi, chungu kilikuwa na maharage, nilijua, nikanyamaza kwa sababu ya shamba, na mliyemfukuza hakuwa mchawi, alikuwa mkulima, na mimi ndiye niliyewasaidia kumfukuza kwa neno moja la kweli. Kisha akae. Mama mdogo atafanya nini, atakunja mkeka, atalia, hajui, yule ni dada wa huyo aliyefukuzwa. Wana haki ya kusema jina hili tutalihifadhi, tutangoja mtoto mwingine azaliwe. "Gamalioni," Stella alisema, "hilo je, halikugusi?" na Rehani akasema halina ubaya, akainua kikombe, chai imepoa, akainywa hivyo hivyo, na ile hofu aliyoamka nayo asubuhi, hofu ya kuitwa, akaitafuta ilipokuwa asiione, mahali pake palikuwa na nyingine, kwamba kesho atakaa pale mkekani, amemaliza kusema yote, kichwa wazi, na hakuna atakayemwita.