Doa Chini ya Rangi

Kutu ya bati kila mtu anaijua. Ya alumini ni mnafiki: haina wekundu, inajificha chini ya rangi ikitoa unga mweupe, na siku ukija kuiona, rangi imeshaumuka kama andazi. Yusta alikuwa ameikwangua kutwa nzima kwenye mlango wa dereva wa Landrova ya marehemu Mulji, kwa msasa na maji, wala hakugusa brashi ya waya, maana chembe za chuma zikibaki kwenye alumini zinaamsha kutu upya. Sasa mlango ulikuwa mtupu, uking'aa. Ilibaki praima, rangi ya msingi, nayo ipigwe upesi, kabla wingu lililosimama juu ya Kihesa halijaleta unyevu.

Mlango huu huu ndio uliomtia aibu mwaka jana. Aliupaka yeye, ukatoka gereji hapa Mlandege unameremeta, na masika yalipoingia, gari likiwa Ruaha Mbuyuni, rangi ikabanduka ganda zima mbele ya wauza vitunguu. Mzee Mulji alirudi nalo akamgombeza mpaka majirani wakatoka nje. Saulo, mwenye gereji, akamnyang'anya bunduki ya kupulizia rangi na kumrudisha kwenye msasa, na tangu hapo Yusta alikuwa anakula vumbi la msasa. Bunduki amerudishiwa kwa kazi hii moja, kwa sababu fundi mwingine kahamia Mbeya, na Saulo hakumung'unya maneno: "Ikibanduka tena, hiyo bunduki uisahau."

Aligeuka kuchanganya praima. Alipogeuka tena, Nalini, mjane wa Mulji, alikuwa ameinama mlangoni, kidole kwenye alumini.

"Mama! Usiguse!"

Doa jekundu lilikuwa limeshakaa, chini kidogo ya kitasa, linameta mafuta. Nalini alishika kikopo kidogo mkononi.

"Ni baraka, mwanangu. Unga wetu wa ibada na samli. Jumamosi kijana wangu Jatin anaoa Mbeya, tunakwenda na gari hili. Kila likipakwa rangi mzee alikuwa anaweka hapa kwanza, rangi inakuja juu yake. Hata mwaka jana alikuja, nyie mmeenda kula."

Yusta akalitazama doa. Chini kidogo ya kitasa. Ganda la mwaka jana lilianzia pale pale.

"Mama, rangi haishiki kwenye mafuta. Kumbe ni yeye! Mimi nikatukanwa bure!"

Nalini hakubisha. Aliutazama mlango, akamtazama Yusta, na uso ukamshuka.

"Usimwambie Saulo," alisema taratibu. "Mzee alikugombeza mbele za watu. Wakijua ni kidole chake, watamcheka na hayupo."

"Sawa, simwambii. Ila nalifuta."

"Hapana. Samli hii aliichanganya kwa mkono wake, na hii ndiyo ya mwisho. Nikipaka juu ya rangi, mvua itaiosha. Liache, mwanangu. Jatin asiende kuoa bila baba yake."

Praima ikishachanganywa haikungoji. Upepo ulikuwa umeanza kunuka mvua.

"Sawa, mama," alisema Yusta. Alijua anadanganya kabla hajafunga mdomo.

Nalini akamshika bega kwa shukrani, akaenda ofisini kwa Saulo kunywa chai. Yusta akabaki na doa. Alimwonea huruma yule mama, huruma ya kweli, lakini hasira ya mwaka mzima nayo ilikuwa haijaisha. Mzee yule alimwita mbumbumbu, akamwambia arudi kwao akalime. Na leo tena kidole chake kinataka kumpokonya bunduki. Akalowesha kitambaa safi kwa thina, dawa ya kuyeyushia rangi, akafuta mara moja kwa nguvu, akasugua, akafuta tena. Kitambaa akakitia mfukoni. Kisha akapuliza praima kabla moyo haujamgeuka.

Ijumaa gari lilikuwa tayari, kijani kibichi, Nalini na Jatin wamekuja kulichukua, na Saulo akafanya kama kawaida yake: hakabidhi ufunguo kabla hajabandika tepu juu ya rangi na kuinyakua. Alianzia chini ya kitasa. Alikandamiza kwa kidole gumba, akavuta kwa nguvu. Yusta alifumba macho.

"Imeshika!" Saulo alicheka, akampachika bunduki mikononi. "Kuanzia leo ni yako, dada."

Jatin alipiga makofi. Nalini hakupiga. Aliichukua ile tepu mkononi mwa Saulo, akaigeuza juani, akautafuta wekundu wa baraka upande huu na ule. Ilikuwa nyeupe tupu.

"Imeshika," alisema. "Hata pale."

Yusta aliinamia bunduki. Jatin akamfungulia mama yake mlango wa mbele, mahali pake pa siku zote, lakini Nalini alisema leo atakaa nyuma.

Gari lilipowashwa, Yusta alikimbilia dirisha la nyuma. Akatoa kitambaa mfukoni, kimekunjwa, wekundu kidogo umebaki katikati.

"Nimekutunzia, mama," alisema. "Nisamehe."

Nalini alikipokea kwa mikono miwili, kama kitu cha madhabahuni. Alikifunua polepole, akakisogeza puani, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Kinanuka thina tu," alisema, akapandisha kioo.