Watatu Lazima Warudi

Tulikuwa wanawake saba kwenye shamba la kahawa huko Theta. Kila siku, Jumapili pia, watatu wetu walishika zamu kwenye vitanda vya kuanikia, kugeuza kahawa na kuifunika mvua ikija. Gunia moja lilipopotea, nyapara Wambua akatoa sheria. Ndani ya wiki, wawili wasikutane zamu zaidi ya mara moja. Na watatu waliowahi kushika zamu pamoja wasirudi pamoja tena mpaka mavuno yaishe.

"Watatu wakizoeana, kahawa inatembea," alisema. "Nikiona watatu wamerudi, hao watafute kibarua kwingine."

Kupanga zamu akaniachia mimi, kwa vile sina makelele. Nilipanga juu ya gunia, kila mmoja na kitu chake. Mimi nilikuwa haragwe, rafiki yangu Idah kifuniko cha soda, Ruqayya kifungo cha buibui.

Wiki ya kwanza ilikubali. Ya pili pia, hakuna watatu waliorudi. Ya tatu ikakataa. Nikitenganisha hawa, wale wanakutana. Jumapili nzima nilihamisha vitu mpaka macho yakaniuma, na kila nikimaliza, kuna watatu wamerudi. Kuchagua ni akina nani warudi niliweza. Kukosa wa kurudi kabisa, hapana.

"Weka wowote, Kui," Idah alisema. "Wambua hata jina la mke wake husahau."

"Zamu hasahau."

"Basi turudi mimi na wewe. Nimechoka hata kufikiria."

"Wiki ya kwanza wa tatu wetu alikuwa Mama Farouk."

Ruqayya, mama yake Farouk, alikuwa akifua hapo karibu. Alikuwa mjane, na watoto wanne wakimngoja nyumbani Gatongora. Alikuja akipangusa mikono, akakiangalia kifungo chake.

"Ukituondoa sisi, utaweka nani?" aliuliza.

Akasukuma kifungo kando ya haragwe na kifuniko, akarudi kwa nguo zake.

Jumatatu nilimwambia Wambua kabla hajaona mwenyewe. "Haiwezekani. Lazima watatu warudi. Wiki hii ni sisi."

"Siku gani?"

"Leo."

Alituangalia mmoja mmoja, akaenda. Tukajua ametufuta kazi. Akarudi na kigoda, akaketi katikati ya vitanda, na hapo akashinda akitulinda, kofia usoni. Mvua ilipoanza tulikimbilia karatasi ya nailoni, kila mmoja na pembe yake. Ya nne alishika yeye.

"Na wiki ijayo?" aliuliza, maji yakimtiririka shingoni.

"Watarudi wengine."

Akapumua kwa nguvu. "Basi nitafute kiti cha kuegemea."