Tiki ya Chapchap

Jumatatu asubuhi Mpanga-ratiba alifungua kompyuta akakuta michoro ya shule mpya itakamilika tarehe tisa. Ijumaa aliiacha ikikamilika tarehe ishirini na nne. Siku kumi na tano zimeyeyuka wikendi, na hakuna mtu aliyechora hata mstari mmoja.

Hakuhitaji kupiga ramli. Bosi wao, aliyebandikwa jina la Chapchap kwa sababu kila kitu alikitaka jana, alikuwa ameweka tiki kwenye kisanduku kidogo kinachoiambia programu isijali kalenda za watu.

Kalenda zenyewe alizipanga Mpanga-ratiba, mtu mmoja mmoja, wiki nzima. Mhandisi anayenyonyesha hutoka saa tisa. Mpima ardhi Jumatano yuko uwanjani. Mchora ramani, mkubwa wao kwa umri, huondoka saa sita mchana Jumanne na Ijumaa kumpeleka mkewe kusafishwa damu, maana figo zimegoma, na akitoka kwenye ile mashine mama wa watu hawezi hata kushuka ngazi peke yake. Kwa tiki moja, wote wamekuwa watu wasio na kwao.

"Umeona?" Chapchap alisimama mlangoni, meno yote nje. "Tiki moja tu, wiki mbili zimerudi. Nimeshamtumia mteja."

"Hakuna kilichorudi, bosi. Umeficha tu."

"Acha ubishi, dada. Mashine inajua kuliko sisi."

Alitamani amrushie kibodi. Kumbe kubwa lilikuwa linakuja. Kabla ya saa nne Mchora ramani alimletea barua ya onyo. Programu ilikuwa imehesabu saa zake zile za mchana kuwa za kazi, ikamwonyesha yuko nyuma saa nane, na Chapchap akasaini bila kuuliza.

"Nimeshamwambia mke wangu kesho aende peke yake," mzee alisema kwa upole. "Nimebakiza miaka miwili kustaafu, mwanangu. Usigombane na watu kwa ajili yangu."

Upole ule ulimchoma kuliko barua. Mtu anaonewa mchana kweupe, halafu ndiye anayeomba radhi!

Saa nane mteja alifika, mama mmoja asiye na maneno mengi. Mpanga-ratiba aliionyesha ratiba ukutani kwa projekta, akaitoa ile tiki mbele ya wote, na tarehe ikaruka hadi ishirini na nne.

"Ipi ya kweli?" mteja aliuliza.

Chapchap akacheka. "Mpangaji wetu kakosea kidogo."

"Sijakosea. Jumanne na Ijumaa mchana Mchora ramani hayupo, na bosi anajua. Kama ni lazima iwe tarehe tisa, kazi ya saa hizo nampa mtu mwingine." Akafuta jina la mzee kwenye saa zile za mchana, akaandika la Chapchap. "Kuanzia kesho saa saba, bosi atachora ngazi za shule."

Ofisi nzima ilijua Chapchap hawezi kuchora hata sanduku. Mteja alimtazama, akamtazama tena. "Ishirini na nne," alisema, akafunga daftari.

Lakini barua haikufutwa. "Tutaangalia," Chapchap alisema, na kila mtu pale alijua maana ya neno hilo.

Jumanne, saa sita na dakika kumi, Mchora ramani alikuwa bado kitini. Simu yake ilitetemeka mezani, hakuipokea. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa bosi. Mpanga-ratiba aliona akashindwa kuvumilia. Alimwendea.

"Mzee, umehifadhi kazi yako?"

"Nimehifadhi."

Akainama chini ya meza, akachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi.

"Basi nenda. Mama anasubiri."

Mlango wa bosi ulifunguliwa. Chapchap alisimama pale, akaangalia saa yake waziwazi ili aonekane. Mzee alinyanyuka, akachukua koti, akampita. Miaka yote aliyofanya kazi pale, hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyotoka bila kuomba ruhusa.